Nyumba za Mgeni Livingstone

Katika kata ya Tabata, wilayani Ilala, Dar es Salaam, kuna mahali paitwapo Dampo. Mgeni ashukaye hapo kwenye daladala akatafuta taka za jiji hatazikuta. Zilikuwapo kweli, tena kwa malori, zikiwafukizia wakazi moshi na uvundo mchana na usiku, mpaka mwaka 1988 wakazi hao walipoishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, nao wakashinda. Taka zilikwenda zao, jina likabaki. Si mbali na hapo kuna Relini, na hilo angalau ni jina la kitu kinachoonekana, kwa kuwa Reli ya Kati inapita papo hapo, reli ile ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Tumetangulia na Tabata kwa sababu mambo ya majina yamekuwa kazi ya serikali katika miaka hii ya karibuni. Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi, viongozi wa mitaa nchini kote walitakiwa kuipa kila barabara jina na kila nyumba namba. Kazi ilifanywa kwa haraka, na haraka ilikuwa na sababu zake. Lakini jina likishabandikwa si rahisi kulibandua, na wakazi wa Dampo ni mashahidi. Kwa hiyo tumeona vema tusimulie habari za mtu mmoja ambaye jina lake limebandikwa juu ya nyumba, mitaa, milima na miji ya nchi nyingi kuliko jina la mgeni mwingine yeyote aliyepata kukanyaga upande huu wa Afrika. Mtu huyo ni Daktari David Livingstone.

Wakazi wa Dar es Salaam wanalo jina lake Kariakoo, katika Mtaa wa Livingstone, ambamo watu huuza na kununua pasipo kujali alikuwa nani. Wenzetu wa Unguja wanalo katika jumba la ghorofa, ukitoka Malindi kuelekea Gulioni. Bagamoyo wanao mnara. Mikindani wana nyumba yenye kibao. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe. Ujiji kuna makumbusho chini ya miembe. Kusini, juu ya Ziwa Nyasa, safu ndefu ya milima inaitwa Milima ya Livingstone. Ukivuka mipaka utakuta mji wa Livingstone nchini Zambia, Livingstonia nchini Malawi, na Blantyre, mji mkubwa wa biashara wa Malawi, uliopewa jina la kijiji alikozaliwa.

Hapa inafaa kumwonya msomaji asichanganye mambo. Jina lenyewe si la Daktari huyu peke yake. Uskoti kuna mji wa Livingston uliokuwapo karne nyingi kabla yake. Marekani kulikuwa na ukoo mkubwa wa akina Livingston, wenye jumba lao la Clermont kando ya mto Hudson. Mmoja wao, Robert, ndiye aliyemwapisha George Washington kuwa Rais mwaka 1789, na ndugu yake Edward, mwanasheria, ndiye aliyeachia jina lake mji wa Livingston ulio pwani ya Guatemala. Hao walikuwa matajiri wenye mashamba makubwa. Livingstone wetu alitoka katika chumba kimoja.

Chumba hicho kilikuwa Blantyre, Uskoti, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha nyuzi za pamba. Humo alizaliwa tarehe 19 Machi 1813, na humo ndimo wazazi na watoto walimopikia, wakala na kulala. Ukoo wake asili yake ni kisiwani: babu yake alihama kutoka Ulva, kisiwa kidogo cha magharibi ya Uskoti, kwa sababu ya dhiki. Ndugu wa visiwani wanaijua safari ya namna hiyo. Alipotimiza miaka kumi alipelekwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo akaenda darasani. Hivyo ndivyo alivyojifunza Kilatini, na baadaye utabibu katika mji wa Glasgow, kwa akiba ya ujira wake mwenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1840 alipanda meli kuja kusini mwa Afrika akiwa mmisionari.

Kama mhubiri hakufanikiwa sana. Waandishi wa maisha yake humhesabia mwongofu mmoja mashuhuri tu, Chifu Sechele wa Wakwena, katika nchi iitwayo sasa Botswana. Alichofanikiwa ni kutembea. Kati ya mwaka 1853 na 1856 alikwenda kutoka katikati ya bara hadi Luanda kwenye bahari ya Atlantiki, akageuka, akavuka mpaka Quelimane kwenye Bahari ya Hindi, pamoja na watu aliopewa na Chifu Sekeletu wa Wakololo. Njiani, mnamo Novemba 1855, wenyeji walimpeleka kuyaona maporomoko ambayo wao waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma. Yeye akayaita kwa jina la malkia wake. Kwa mtu ambaye baadaye jina lake lingebandikwa juu ya vitu vya wenyewe, huu ulikuwa mwanzo wa kustaajabisha.

Safari ya pili, ya mto Zambezi, ilidumu tangu mwaka 1858 hadi 1864 na ilikuwa ya misiba. Mashua zilikwama, wenzake waligombana, na mkewe Mary alifariki kwa homa huko Shupanga mwezi Aprili 1862. Serikali ya Uingereza ikamwita arudi. Ila katika safari hiyo aliwapata watu wawili ambao pasipo wao tusingekuwa na habari hii ya kusimulia. Wa kwanza ni Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Wa pili ni Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, aliyeajiriwa mwaka 1863 kuunga vyuma vya mashua iliyoitwa Lady Nyassa. Mashua hiyo ndiyo aliyoiongoza Livingstone mwenyewe mwaka 1864 kutoka Unguja hadi Bombay, akaiuza huko. Nao wawili hao walikuwamo.

Sasa tufike kwenye jumba la Unguja. Lilijengwa mnamo mwaka 1860 kwa ajili ya Sultani Majid bin Said, ambaye ndiye huyo huyo aliyeanzisha mji wa Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Livingstone alipowasili kutoka Bombay mwishoni mwa Januari 1866, Sultani alimpa jumba hilo akae, akampa na barua ya kumtambulisha kwa wafanyabiashara wa bara. Alikaa humo majuma saba tu, akaondoka mwezi Machi kwenda Mikindani na mto Ruvuma. Wahenga wametwambia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakupewa jembe, alipewa nyumba, na nyumba ikaitwa yake. Jina la Majid halitajwi na mtu apitaye hapo.

Hatusemi haya kwa chuki. Majid mwenyewe alikuwa mtawala wa dola lililokula ushuru wa biashara ya watumwa, na Livingstone alikuwa adui mkubwa wa biashara hiyo. Lakini ndipo ilipo ajabu ya habari yake. Katika miaka saba ya safari ya mwisho, adui huyo wa watumwa aliishi kwa chakula, mikeka na dawa za wafanyabiashara wenyewe. Sanduku lake la dawa liliibwa mwezi Januari 1867. Watu wa Nzwani aliowaajiri walimtoroka mapema, wakarudi Unguja na hadithi kwamba ameuawa. Ikabidi msafara mzima utumwe kuthibitisha kuwa ni uongo. Mwaka 1867 Tippu Tip alimsaidia katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Tanganyika. Alipougua mapafu, Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ndiye aliyeagiza abebwe kwenye machela na kumfikisha Ujiji mwezi Machi 1869. Livingstone aliijua aibu hiyo na aliiandika katika shajara yake. Hakuificha, na kwa hilo anastahili heshima.

Mambo yaligeuka Nyangwe, kwenye mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871. Ilikuwa siku ya gulio, na wengi wa waliokuwapo sokoni walikuwa wanawake. Watu wa wafanyabiashara wakafyatua bunduki katikati ya umati. Mamia wakafa, wengine kwa risasi na wengine kwa kuzama mtoni. Livingstone aliyaona kwa macho yake. Karatasi zilikuwa zimemwishia, basi aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino uliotengenezwa kwa mbegu za mwitu. Aliondoka hapo, akarudi Ujiji akiwa mgonjwa na maskini. Habari ile ilipofika Uingereza iliamsha hasira iliyosaidia kumbana Sultani Barghash, hata tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Kwenye uwanja wa soko hilo, Mkunazini, likajengwa kanisa kuu la Kianglikana. Livingstone hakupata kuisikia habari hiyo. Alikuwa amekwisha kufa zaidi ya mwezi mmoja.

Kukutana kwake na Stanley huko Ujiji mwezi Novemba 1871, na salamu aliyoitoa Stanley, kumesimuliwa mno hata hatuna haja ya kukurudia hapa. Tuseme tu kwamba Stanley alimletea dawa, nguo na barua, na kwamba walikwenda pamoja kaskazini ya ziwa wakaona mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Kisha wakafuatana mpaka Unyanyembe, wakakaa Kwihara katika tembe ambalo leo linaitwa la Livingstone. Hili nalo lilikuwa jengo la wafanyabiashara wa pwani. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi 1872. Livingstone akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani mpaka mwezi Agosti. Alikataa kurudi kwao. Alikuwa amejiaminisha kwamba mto Lualaba ndio chimbuko la Nile, naye alikosea: ni mto Kongo.

Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chifu Chitambo, karibu na mabwawa ya Bangweulu, Zambia ya leo. Nchi hiyo wenyeji waliiita Ilala. Msomaji wa Tabata atashtuka, maana na yeye anaishi Ilala. Hatusemi kwamba jina moja limezaa jingine. Tunasema tu kwamba ndiyo hayo majina. Mwaka 1875 Waskoti walipoleta mashua ya kwanza ya mvuke katika Ziwa Nyasa, waliiita Ilala kwa kumbukumbu ya mahali pale, na baadaye meli nyingine ya ziwa hilo ikarithi jina. Aidha, Reli ya Uhuru, iendayo Zambia kutoka stesheni ya TAZARA, mwendo mfupi tu kutoka Tabata, hupita Serenje, ambako ndiko njia ya kwenda Chitambo. Kwa hiyo mkazi wa kata hii amezungukwa na reli mbili: moja inakwenda alikoonekana Livingstone, nyingine inakwenda alikofia.

Hapa ndipo panapostahili kuelezwa polepole. Livingstone alipokutwa amekufa, watu wake walikuwa kama sitini, wamo katikati ya bara, hawana Mzungu wa kuwaamuru. Wangeweza kumzika palepale na kwenda zao, wala hakuna mahakama ambayo ingewahukumu. Waliwachagua Susi na Chuma kuwa viongozi, wakashauriana, wakaamua kumrudisha kwao. Moyo wake na viungo vya ndani waliuzika chini ya mti wa mpundu. Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa Nassick huko India, alisoma sala na kuchonga jina na tarehe juu ya gome. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani siku kumi na nne, wakaufunga kwa kaniki na gome la mti, wakauning'iniza kwenye mti wa kubebea. Vitabu, vipimo na shajara vyote wakavihesabu na kuviandika.

Safari ilichukua miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,600. Kila mahali watu waliogopa maiti ipite katika nchi yao. Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba walikutana na Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wamzike hapo hapo. Walikataa. Mbele yake, Kasekera, njia ikafungwa kabisa na wenyeji. Ndipo walipofanya hila moja ambayo ingemfurahisha Abunuwasi: walitengeneza furushi la miti na majani lenye umbo la maiti, wakawatoa wenzao walibebe kwa huzuni kurudi nyuma, kana kwamba wamekubali kuzika Unyanyembe. Usiku wabebaji hao walilitupa porini na kurudi kwa siri. Wakati huo maiti ya kweli ilikuwa imekwisha kufungwa upya ikafanana na mtumba wa nguo, mzigo wa kawaida wa misafara, ikapita mbele ya macho ya watu.

Waliingia Bagamoyo mwezi Februari 1874, wakauweka mwili katika kanisa la mapadre wa Roho Mtakatifu, ndiyo asili ya jina la mnara. Meli ya kivita ya Waingereza ikauchukua hadi Unguja. Wale waliobeba mzigo miezi tisa walilipwa ujira wao, wakaambiwa waende. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, kwa gharama ya wamisionari, akawa miongoni mwa waliolishika jeneza siku ya maziko, tarehe 18 Aprili 1874, katika kanisa la Westminster. Watabibu walimtambua marehemu kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba mwaka 1844. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, kaburi likiwa limekwisha kufungwa. Walisaidia kupanga shajara za marehemu ili zipigwe chapa. Baraza la wanajiografia wa London likaagiza medali 60 kwa ajili ya wapagazi. Zilipofika Unguja, wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika.

Miji ya jina hilo ilikuja baada ya hapo. Mji wa Livingstone ulianzishwa mwaka 1905 karibu na Mosi-oa-Tunya, ukawa makao makuu ya Rhodesia ya Kaskazini tangu 1911 hadi 1935. Zambia ilipokuwa huru, Abercorn iligeuka Mbala, Fort Jameson ikawa Chipata, Broken Hill ikawa Kabwe. Livingstone haikuguswa. Kongo nayo iliufuta mji wa Stanleyville mwaka 1966, ukaitwa Kisangani. Tofauti hiyo ina maana: watu wa nchi hizi wamepima wageni wao mmoja mmoja, na huyu wameona abaki. Sisi nasi hatuombi jina lake lifutwe Kariakoo wala Unguja. Alikosea mengi, aliwachosha wenzake, lakini alipolala hapa alilala kama mgeni wa watu, na mizinga hakuja nayo.

Tunachouliza ni kingine. Tukisimama mbele ya jumba la Unguja tunasoma jina la aliyekaa majuma saba. Tukisimama Kwihara, la aliyengoja miezi michache. Bagamoyo, la aliyefika akiwa maiti. Jina la mwenye nyumba halipo, na la mbebaji hatujaliona mlangoni. Ofisa wa kata aliyeachiwa mtaa usio na jina, huko Segerea, Kimanga au Kisukuru, ana nafasi ambayo wakubwa wa zamani hawakuitumia. Na wanaosimamia Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia, wanajua vema kwamba jina halishiki ukuta: Beit al-Ajaib ilikuwa na jina la fahari kuliko majumba yote, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Palipo na fedha ya kutengeneza ukuta, fedha ya kibao chenye majina mawili zaidi haiwezi kukosekana.

Maana Susi na Chuma si watu wa mbali kwa wasomaji wetu wa visiwani. Baada ya Uingereza walirudi Unguja, wakawa viongozi wa misafara mashuhuri. Chuma aliongoza safari ya Keith Johnston na Joseph Thomson mwaka 1879 kutoka Dar es Salaam. Johnston alifia njiani, na kijana Thomson akarudi salama kwa sababu alikuwa na Chuma. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, akiwa bado kijana. Susi alikwenda na Stanley Kongo, akamsaidia kupatana na machifu mahali palipoitwa Léopoldville, sasa Kinshasa, kisha akarudi kufanya kazi na wamisionari. Alifariki Unguja mwaka 1891. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amebatizwa, akapewa jina jipya, nalo lilikuwa Daudi.